Mita Kumi na Mbili Mbele ya Duka la Mama Muturi

Siku Wechuli alipomwona Mama Muturi kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa ameingiza mkono mzima ndani ya gunia la viazi, hadi kwapani, akitafuta kitu ambacho dereva wa lori aliapa hakimo. Watu walikuwa wamesimama wakitazama. Mkono ulizama, ukatulia, ukapapasa, kisha ukatoka na kiazi kimoja kilichooza, cheusi, kinachochuruzika maji. Mama akakiweka juu ya boneti ya lori polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Huyu alikuwa amelala chini kabisa," akamwambia dereva. "Na hakulala peke yake."

Dereva akalirudisha gunia lile ndani ya lori.

Wechuli alikuwa ameketi juu ya mkokoteni wa kukodi, upande wa pili wa barabara. Alikuwa ametoka Chwele mwezi huohuo, baada ya kugundua kwamba shamba la baba yake likigawanywa mara sita, fungu lake halimtoshi hata kulala akanyoosha miguu. Shule aliiachia darasa la saba. Mabega alikuwa nayo, urefu alikuwa nao, na aibu alikuwa nayo ya kuwatosha watu wawili wa kimo chake.

Mama Muturi akamgeukia. "Wewe mrefu. Huo mgongo ni wa kazi ama ni wa kuegemea ukuta?"

Wechuli alitaka kujibu kwamba ni wa kazi. Akavuka barabara, akainama, akabeba gunia. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na kwa miaka kumi na miwili iliyofuata hakumpa mama huyo jibu refu kuliko hilo.

Jina lake hasa mama huyo lilikuwa Wangu, jina la Kikuyu. Alizaliwa pande za Ol Kalou, huko Nyandarua, mahali ambapo, kwa maneno yake, baridi humwamsha jogoo. Aliletwa Kisumu na mume, fundi wa redio. Mume akafariki, redio za watu zikabaki rafuni zikiwa wazi matumbo, naye akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Muturi, na lugha ambayo hakuna aliyeielewa katika mtaa ule wa nyuma ya soko. Akajifunza Kijaluo kwa njia ya viazi: kwanza hesabu, halafu matusi, salamu mwisho. Mwaka wa ghasia za uchaguzi alifunga duka akaondoka na begi moja, na watu wakasema huyo hatarudi. Alirudi kabla ya mvua za mwaka uliofuata, akafungua mlango uleule. Mteja wake wa kwanza, mama mmoja muuza chipsi, alisimama mlangoni mikono kiunoni akamwita binti wa Nyandarua kwa Kijaluo: "Nyar Nyandarua, ulituacha tukikaanga mihogo." Hakuna aliyeomba msamaha siku hiyo, lakini viazi viliuzwa vikaisha.

"Kiazi hakina kabila," alipenda kusema. "Kina maganda tu."

Alikuwa na sheria moja: mizani haiachwi. Zamani alimwachia shemeji yake Zacchaeus mizani kwa siku mbili, akaenda mazishini. Aliporudi alikuta mizani ipo, viazi havipo, na shemeji ana simu mpya. Tangu siku hiyo hakutoka dukani mchana kwa sababu yoyote. Muturi alipohitimu chuo huko Nairobi, mama yake alitazama sherehe kwenye simu, mkono mmoja ukiwa juu ya mizani, na muuza chipsi akashuhudia kwamba hata alipokuwa akilia hakukosea uzito.

Maisha ya duka hilo yalitegemea lori. Kila Jumanne na Ijumaa, jua likichomoza, Mburu, mwenye lori, alileta viazi kutoka Nyandarua akasimama mlangoni. Wechuli akapakua. Saa tatu mtaa mzima ulikuwa umeshanunua. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, mpaka jiji lilipoamua kuwa na nidhamu.

Ilianza na rangi. Jumatatu moja ya mwaka juzi watu waliamka wakakuta ukingo wa barabara yao umepakwa mstari wa manjano kutoka mwanzo hadi mwisho, ukipita hata juu ya kandambili ya mtu iliyosahauliwa pale. Jumanne lori la Mburu lilipofika, likafungwa klampi, kile chuma kizito kinachong'ang'ania gurudumu kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Askari wa kanjo, yaani wa jiji, aliyelifunga aliitwa Calvince, kijana mpole mwenye sare mpya, ambaye mama yake alimtuma viazi katika duka hilohilo.

"Calvince," Mama Muturi akamwambia, "wiki jana ulisimama hapo ukinisaidia kuhesabu magunia."

"Wiki jana hapa palikuwa barabara, Mama. Sasa ni mstari."

Akaeleza vizuri, kwa adabu, kwamba kuanzia siku hiyo gari la mizigo halitasimama mjini ila mahali palipotengwa pa kupakulia, na kila mwenye duka aombe kibali cha mahali pake. Watu hawakuwa na muda wa jina refu hivyo. Wakapaita zoni.

Mburu alilipa faini, akafunguliwa, akaenda kushushia viazi kwenye uwanja mtupu karibu na reli, na Wechuli akavivuta kwa mkokoteni mara kumi na moja, kwenda na kurudi. Saa saba mchana ndipo gunia la mwisho lilipofika dukani, na wauza chipsi walikuwa wameshanunua kwingine.

"Mama," Mburu akasema akijifuta jasho la hasira, "mimi nina lori, sina ndege. Nahitaji mahali pa kukanyaga. Nakungoja mpaka Krismasi. Usipopata hiyo zoni, nitakuwa nashusha Muhoroni. Kule matrekta ya miwa yanasimama katikati ya barabara, dereva anashuka anakunywa chai, na hakuna mtu wa kumwuliza kitu."

Basi kila mtu akajua mambo yamefika wapi. Bila zoni hakuna lori, bila lori hakuna duka, na bila duka Mama Muturi alikuwa mjane tu mwenye mizani.

Ofisi ya vibali iliwahudumia wafanyabiashara siku mbili kwa wiki: Jumanne na Ijumaa. Mama Muturi alipoisikia hiyo alicheka mpaka akaketi.

"Nenda wewe, Wechuli," akasema. "Wewe unajua kunyamaza. Ofisini mwenye kelele hurudishwa nyuma ya foleni."

Langoni palikuwa na mlinzi, mzee Simiyu, ambaye alichukua kitambulisho cha Wechuli akampa kadi ya plastiki yenye namba. Ndani, baada ya saa tatu za foleni, karani aliyeitwa Shantel alinyoosha mkono bila kuinua macho.

"Kitambulisho."

"Kiko langoni."

"Bila kitambulisho sikuhudumii, Mzee."

Wechuli akarudi langoni. Simiyu akamweleza kwamba kitambulisho hurudishiwa mtu anayetoka, na mtu akishatoka haingii tena bila kuacha kitambulisho. Wechuli akasimama akafikiri. Nyuma yake watu wengine saba walikuwa wamesimama wakifikiri jambo hilohilo. Mwishowe Simiyu, mtu wa Kimilili, jirani ya Chwele, mwenye huruma ya kwao, akakubali kushika viatu badala ya kitambulisho. Kuanzia hapo Wechuli aliomba kibali miguu mitupu, na hakuwa peke yake. Rafu ya mlinzi ilijaa viatu kama mlango wa msikiti, na wazungu wawili wa mradi fulani walipopita waliuliza kama ni desturi ya kabila gani.

Fomu ilitaka picha ya gari la mwombaji likiwa limesimama mahali panapoombwa. Mburu alikubali kusimama mlangoni kwa dakika moja tu. Wechuli akapewa simu ya mama apige picha. Lakini kila alipotaka kurudi nyuma ili lori lote lionekane, alikuta yuko njiani mwa mtu, naye akaona haya kumwambia mtu angoje. Akangoja yeye. Wapita njia hawakuisha. Picha ilipopatikana ilikuwa safi kabisa: lori, mlango wa duka, na Calvince amechuchumaa akifunga klampi.

Shantel aliitazama. "Gari hili linavunja sheria."

"Ndiyo."

"Hatumpi kibali mtu ambaye picha yake inaonyesha anavunja sheria."

"Angekuwa na kibali," Wechuli akasema, "hangekuwa anavunja."

Ilikuwa ndiyo sentensi ndefu zaidi aliyowahi kumwambia mtu wa ofisi, na masikio yakamwaka moto. Shantel akainua macho kwa mara ya kwanza. Akaenda kuuliza ndani, akarudi na ufumbuzi: gari ambalo injini yake inanguruma halihesabiwi kuwa limesimama. Alete picha ya lori likinguruma.

"Na mngurumo utaonekanaje kwa picha?" akauliza mtu wa nyuma kwenye foleni.

"Aandike nyuma," Shantel akasema.

Wechuli akaandika kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi: LORI HILI LINANGURUMA. Ikagongwa muhuri.

Baada ya wiki mbili akaja mpimaji, mtu mnene mwenye kofia ya plastiki, bila tepu. Tepu, alieleza, ilikuwa imeazimwa na watu wa maji. Akamwuliza Wechuli kama anaweza kutembea hatua kumi na mbili zilizo sawasawa, maana zoni ni mita kumi na mbili. Wechuli akatembea, kwa uangalifu mwingi, akitaka kumridhisha. Kwa kuwa miguu yake haikuumbwa kwa kipimo cha serikali, zile mita kumi na mbili zikawa ndefu kidogo, zikapita mlango wa viazi, zikameza mlango wa jirani, Walubengo, muuza mabati na misumari. Mpimaji akaandika kumi na mbili akaenda zake.

Ikabaki kidole. Kulikuwa na mashine kwenye meza ya Shantel, ndogo, nyeusi, yenye taa nyekundu, na mwombaji alitakiwa aweke kidole gumba.

"Mwombaji ni nani?"

"Ni Mama Muturi."

"Yuko wapi?"

"Dukani. Haachi mizani."

"Mashine haijui dukani. Mashine inajua aliye hapa." Shantel alitazama foleni, akatazama saa, akashusha sauti kama dada anayemsaidia kaka. "Mzee, umekuja hapa mara tisa. Weka kidole chako, kibali kitoke. Jina tutabadilisha baadaye."

Wechuli aliwahi kusikia maneno hayo ya baadaye mahali pengi, na alijua baadaye ni nchi ya mbali. Lakini Krismasi ilikuwa wiki ijayo, na kukataa kulihitaji maneno. Akaweka kidole.

Kibali kilikuwa kizuri, cha rangi mbili, chenye nembo inayong'aa. Mama Muturi alikifuta vumbi ambalo halikuwapo, akakisoma, akacheka. Kisha akakisoma tena, na mara hii hakucheka.

"Kwa hivyo hapa mbele ya mlango wangu," akasema, "ni kwako."

"Ni karatasi tu," Wechuli akasema.

"Hata talaka ni karatasi."

Habari zikaenea kabla chai haijapoa. Wauza chipsi wakampa jina: Wuon Ndara, mwenye barabara. Muuza chipsi yule wa kwanza alipita akamwinamia. "Wuon Ndara, naomba ruhusa nikanyage na mguu wa kushoto."

"Pita tu, Mama," Wechuli akasema, akitamani ardhi ya zoni yake imfunike.

"Na wa kulia je, ama huo una fomu yake?"

Lori likaanza tena kusimama mlangoni, na Mburu akapiga honi ya furaha. Calvince alikuja na daftari. Kanuni, alisema, zinataka mwenye kibali awepo wakati wote wa kupakua, na kibali kionekane. Kwa hiyo Wechuli akafungiwa kibali shingoni kwa uzi wa gunia, akabeba viazi nacho, kikimpiga kidevuni. Alikuwa mwenye mahali, msimamizi wa mahali, na mpagazi wa mahali, na kazi mbili za kwanza hazikuwa na malipo.

Hayo yangevumilika. Kilichoharibu mambo ni gari jeupe.

Afisa fulani, ambaye hakuna aliyejua anafanya kazi ofisi gani ila kila mtu alijua anafanya, aligundua kwamba mtaa mzima una mahali pamoja tu ambapo klampi haifungwi: mahali penye kibali. Kila Ijumaa asubuhi akaegesha pale gari lake jeupe akaenda kunywa chai. Lori likafika likakosa nafasi.

"Mfukuze," Mama Muturi akamwambia Wechuli.

"Calvince ndiye—"

"Mimi siwezi, Baba," Calvince akasema. "Amesimama penye kibali."

"Kibali ni changu."

"Ndiyo maana nasema wewe ndiye unaweza."

Afisa alipokuwa akirudi, Wechuli alikwenda akasimama kando ya gari lile. Alikuwa amepanga maneno manne. Afisa akaja akifuta mdomo, akamwona mtu mrefu mwenye karatasi shingoni amesimama wima kando ya mlango, akampa shilingi hamsini za kulinda gari. Wechuli akazipokea kwa mikono miwili akasema asante. Mama Muturi aliyaona yote kutoka kwenye mizani.

Ijumaa iliyofuata gari lilikuwepo tena, na sasa afisa alimpungia mkono.

Tangu wakati huo Mama Muturi alibadilika. Zamani chai ya Wechuli ilikuja katika kikombe cha bati, sukari tele, pamoja na maneno kama vile "kunywa upesi wewe mlingoti." Sasa ikaja katika kikombe cha udongo chenye kisosi, sukari kando, na hakuna maneno. Alianza kumwita Bwana Wechuli. Wechuli alikunywa chai hiyo kama dawa. Alitaka kumwambia kwamba yeye haitaki barabara, hajawahi kuitaka, na kwamba kikombe cha bati kilikuwa kinamtosha. Lakini mtu anamwanzaje bibi ambaye hajamwuliza? Naye Mama Muturi, aliyewahi kuibiwa na shemeji, aliapa mbele ya muuza chipsi kwamba hatamwuliza mbeba gunia habari za mlango wake mwenyewe.

Hapo ndipo Walubengo alipotoka nyuma ya mabati yake. Zoni ilikuwa imemeza mlango wake, na mabati nayo huja kwa lori. Alimwita Wechuli kwa Kibukusu, lugha ya kwao wote wawili, kwa sauti ya ndugu, akamkalisha kwenye katoni ya misumari, akamfungulia soda.

"Huyu mama ni mtu wa kuondoka," Walubengo akasema. "Sisi ni watu wa nyumbani. Hicho kibali niandikie mimi. Nitakununulia mkokoteni wako mwenyewe, wa magurudumu ya gari."

Wechuli alitazama soda. Kukataa soda ya mtu iliyokwisha kufunguliwa ni ukorofi, na kukataa maneno ya mtu huku unakunywa soda yake ni ukorofi zaidi. Akanywa polepole ili mdomo uwe na kazi.

"Utafikiria?" Walubengo akauliza.

"Nitafikiria."

Ng'ambo ya ukuta wa mbao Mama Muturi alisikia Kibukusu, asichokielewa, kikiisha kwa kicheko cha Walubengo na mlio wa chupa mbili.

Lakini Wechuli alikuwa ameshafikiria zamani. Siku hiyohiyo, Jumanne, baada ya kupakua, alivua viatu kwa Simiyu akaenda kwa Shantel kumwambia kwamba ile baadaye imefika.

Shantel alimkumbuka. Alisikitika. Hakukuwa na fomu ya kurudisha kibali, kwa sababu tangu idara ianzishwe hakuna mtu aliyewahi kurudisha. Kulikuwa na fomu ya kuhamisha, nayo ilitaka barua ya mwenye kibali akieleza kwa nini anakitoa. Wechuli aliandika barua hiyo mara tatu. Ya kwanza ilikataliwa kwa kuwa fupi, ya pili kwa kuandikwa kwenye mfuko wa karatasi. Ya tatu ilisema hivi:

*Kwa Mkubwa wa Vibali. Mimi Wechuli sina gari, sina duka, sina mzigo. Nina mgongo. Mliniandikia barabara kwa sababu nilikuwa karibu na mashine. Naomba mumpe Wangu, mama wa viazi, ambaye hakuweza kuja kwa sababu anafanya kazi. Nikikosea mnisamehe.*

Shantel aliisoma mara mbili akaipeleka ndani mwenyewe.

Kisha pakawa na tangazo. Kanuni ilisema kibali kinachohamishwa kitangazwe mahali penyewe kwa siku thelathini, ili mwenye pingamizi aje. Na ili kuzuia hongo, jina la anayepewa lisiandikwe. Akaja kijana na gundi, akabandika kwenye mlango wa Mama Muturi, juu kabisa, karatasi iliyosema kwamba Wechuli, mwenye eneo hili la kupakulia, anakusudia kulihamishia kwa mtu mwingine.

Mama Muturi aliisoma akiwa amesimama barabarani. Muuza chipsi naye aliisoma, kwa sauti, akifuata kwa kidole.

"Mtu mwingine," akasema muuza chipsi, na wote wawili wakatazama duka la mabati.

Wechuli alikuwa nyuma yao na gunia begani. Huo ndio ulikuwa wakati wake. Alikuwa na sentensi tayari: Mtu mwingine ni wewe. Maneno manne tu. Lakini muuza chipsi alikuwepo, na wateja watatu, na Walubengo amejitokeza mlangoni akitabasamu, na Mama Muturi alipogeuka uso wake ulikuwa kama siku ile ya kiazi kilichooza. Wechuli akaingia na gunia ndani. Alipotoka watu walikuwa wametawanyika. Akajiambia kwamba atasema karatasi ikiwa mkononi, maana karatasi husema vizuri kuliko yeye. Siku thelathini si nyingi.

Siku thelathini zilitosha. Ijumaa mbili zaidi Mburu alikuta gari jeupe. Ijumaa ya tatu hakuja kabisa. Alipiga simu kutoka Muhoroni, akasema amempatia duka tupu karibu na stendi, mwenye nyumba ni mcha Mungu, na barabara ni pana kama uwanja wa mpira. Mama Muturi alisikiliza mpaka mwisho, akamwita mwenye nyumba wake, akamwambia atamrudishia funguo mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba akatoka pale akaingia mlango wa pili, na kabla ya jioni Walubengo alikuwa ameshalipia duka la viazi aweke mabati yake. Wechuli hakuambiwa. Hakuna aliyemwambia kwa sababu wote walidhani ndiye aliyepanga.

Siku ya thelathini na moja, Jumanne, Wechuli alipokea kibali kipya. Shantel alikuwa amekiweka kwenye bahasha. Jina liliandikwa sawasawa, Wangu, herufi zote. Alitembea kutoka ofisini akiwa ameishika bahasha kwa mikono miwili kama sahani ya uji, akijaribu sentensi yake, na safari hii ilitoka vizuri kila mara.

Lori la Mburu lilikuwa kwenye zoni. Gari jeupe halikuwepo, maana haikuwa Ijumaa. Moyo wa Wechuli ukainuka. Ndipo alipoona kwamba magunia hayashuki, yanapanda. Rafu zilikuwa zimepanda tayari, na kitanda kidogo cha mchana, na sufuria za chai. Calvince alikuwa amesimama na daftari akimweleza Mburu, kwa adabu, kwamba zoni ni ya kupakua na wao wanapakia, jambo ambalo lina kibali chake tofauti.

"Niandikie," Mburu akasema. "Utanipata Muhoroni."

Mama Muturi alikuwa ameshapanda mbele, amefunga leso kichwani kama mtu wa safari. Alimwona Wechuli akaangalia mbele.

"Umekuja kuchukua barabara yako, Bwana Wechuli? Ngoja lori litoke."

Wechuli alifungua mdomo. Sentensi aliyokuja nayo kutoka ofisini ilikuwa ya mtu anayebaki, haikumfaa mtu anayeondoka. Akanyoosha bahasha dirishani.

Mama Muturi aliifungua bila haraka. Akasoma. Akageuza nyuma akatazama kama kuna jambo jingine, akageuza tena. Calvince aliinua shingo akasoma naye, kisha akafunga daftari lake. Walubengo, aliyekuwa akipima mlango mpya kwa tepu, akaacha kupima.

"Hii ni ya lini?" mama akauliza.

"Niliomba siku ile ya soda," Wechuli akasema. "Baada ya soda."

"Siku ya soda." Alihesabu kichwani, na hakuna aliyekuwa hodari wa hesabu kama yeye. "Mpaka leo nimekuwa nikikupa chai kwa kisosi."

Wechuli akatazama miguu yake.

Mburu aliwasha injini. Mama Muturi aliikunja karatasi mara mbili, akaanza kumrudishia, akabadili nia, akaiingiza kifuani. Lori likatetemeka, likasogea, tairi za nyuma zikavuka mstari wa manjano. Ndipo alipotoa kichwa dirishani akamtazama, si kwa hasira, ila kama mtu aliyekosea uzito kwa mara ya kwanza maishani, akamwambia:

"Wechuli. Na mdomo unao. Si ungesema?"